Kitale na Bungoma: Nani ataandika historia ya wasiotajwa?

ANAYEZURU Makavazi ya Kitale huonyeshwa vipepeo, ndege na wadudu waliokusanywa kwa subira na mlowezi Mwingereza, Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyeanzisha makavazi yake ya kibinafsi mnamo 1926. Stoneham alifariki 1966 na kuiachia serikali mkusanyiko huo. Makavazi mapya yakafunguliwa kwa umma mwaka wa 1974.

Mwaka huo wa 1926 ndio ambao reli kutoka upande wa Eldoret ilifika mjini Kitale, ikafungua njia ya kusafirishia mahindi ya walowezi. Historia hiyo imeandikwa na kuhifadhiwa, na haina utata mwingi.

Bungoma nayo ina fahari yake. Ngome ya Chetambe karibu na Webuye, ambako Wabukusu walipambana na majeshi ya Waingereza mnamo 1895, hutajwa kila inapozungumzwa historia ya eneo la Magharibi. Vivyo hivyo hutajwa Elijah Masinde na Dini ya Msambwa.

Hata hivyo, wapo wakazi wa miji hii miwili ambao hawamo katika makavazi, wala vitabuni, wala katika hotuba za sikukuu. Hao ni wanaume wanaowapenda wanaume wenzao, wanawake wanaowapenda wanawake wenzao, na watu ambao jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa hailingani na wanavyojijua wenyewe. Kama majirani zao, nao ni wana wa wakulima wa mahindi na miwa, na asubuhi hupanda matatu zizo hizo kwenda kazini.

Majina ya watu kama hao huingia katika kumbukumbu za umma kwa milango miwili tu: mlango wa mahakama na mlango wa mochari. Anayeingia kwa milango hiyo haulizwi alizaliwa wapi, alisoma na nani, alipenda muziki gani, wala mji wake ulikuwaje alipokuwa kijana.

Makala haya hayakusudii kumshawishi msomaji aunge mkono au apinge mapenzi ya jinsia moja. Swali lililopo ni la kumbukumbu: nani anaandika habari za wakazi hawa wakiwa hai, na kwa nini kazi hiyo imeachiwa wanahabari wachache wa kujitegemea?

Habari zinapoanzia kaburini

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Edwin Chiloba. Mwili wa mwanamitindo huyo ulipatikana Januari 2023 ndani ya sanduku la chuma lililotupwa kando ya barabara katika Kaunti ya Uasin Gishu, inayopakana na Trans Nzoia. Mnamo Desemba 2024, Mahakama Kuu mjini Eldoret ilimhukumu aliyemuua kifungo cha miaka 50 gerezani.

Kwa wiki kadhaa vyombo vya habari vya Kenya na vya ng'ambo viliandika kumhusu Chiloba. Wakenya walitazama picha za mitindo yake na kusoma kuhusu marafiki zake na ndoto zake. Yote hayo waliyajua akiwa maiti. Akiwa hai, akishona na kujitafutia jina mjini Eldoret, hakuwa habari kwa wengi wao.

Hapa ndipo penye kasoro. Kifo cha kikatili kinastahili kuandikwa, na mwanahabari anayefuatilia kesi hadi hukumu anafanya wajibu wake. Lakini jamii ikijulikana kupitia mauaji na kesi pekee, msomaji hujengewa dhana kwamba watu hawa ama ni washtakiwa ama ni marehemu. Kijana wa Kiminini au Kimilili anayejiona kuwa mmoja wao hujifunza kutoka gazetini kwamba mbele yake kuna kituo cha polisi au jeneza.

Waliotangulia kufungua njia

Nchini Kenya wapo waliojaribu kurekebisha kasoro hiyo. Kevin Mwachiro, mwanahabari aliyewahi kufanya kazi na BBC, alikusanya visa vya Wakenya wa aina hii katika kitabu chake kiitwacho Invisible, kilichochapishwa 2013. Mtazamo wake ulikuwa wa mwandishi wa habari: kuketi na mtu, kumsikiliza, na kuandika maisha yake bila kumgeuza kioja.

Mwaka huo huo kundi la wasanii la Nest mjini Nairobi lilianza kurekodi masimulizi kama hayo. Matunda yake yalikuwa filamu ya Stories of Our Lives, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto, Canada, Septemba 2014, kisha kitabu mwaka uliofuata. Filamu hiyo ilipigwa marufuku nchini, na mmoja wa watayarishaji wake akakamatwa, ingawa mashtaka dhidi yake yaliondolewa baadaye.

Naye mwandishi Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru na mwanzilishi wa jarida la Kwani?, alijitangaza hadharani Januari 2014 kuwa shoga kupitia maandishi aliyomwelekezea marehemu mamake. Alifariki Mei 2019.

Kwa wakazi wa Magharibi, kazi yenye uzito zaidi huenda ikawa filamu ya I Am Samuel ya mwelekezi Peter Murimi. Inamfuata kijana aliyelelewa mashambani magharibi mwa Kenya, akahamia Nairobi, na akabaki akivutwa huku na uchumba wake na huku na wazazi wake wakulima. Bodi ya kuainisha filamu iliipiga marufuku Septemba 2021. Kwa hivyo filamu iliyorekodiwa kwa miaka kadhaa, ambayo sehemu yake ni mashamba na nyua za eneo hili, haikuruhusiwa kutazamwa na wenyeji wa eneo lenyewe.

Tukizipima kazi hizi, jambo moja hujitokeza. Hakuna hata moja iliyotoka katika chumba cha habari cha gazeti au runinga. Zote zilifanywa na watu wa kujitegemea, waliotafuta fedha kwingine na kujipa muda wa miezi au miaka.

Sababu za vyombo vikuu kujitenga ni nyingi. Mhariri huwaza watangazaji wa biashara, viongozi wa kidini na wasomaji watakaopiga simu. Mwandishi wa kaunti naye mara nyingi hulipwa kwa idadi ya habari zinazochapishwa, na habari inayohitaji ziara kumi kwa mtu mmoja haimlipi nauli. Kesi mahakamani huandikwa kwa saa moja. Maisha ya mtu hayawezi.

Mji mdogo hauna pa kujificha

Kazi hiyo ni ngumu Nairobi, lakini ni ngumu mara dufu Kitale na Bungoma. Jijini mtu anaweza kuhama mtaa, akabadili marafiki, na asijulikane. Katika mji mdogo, ukiandika tu kwamba mtu ana kibanda cha kunyolea karibu na stendi, umekwisha kumtaja. Ukiongeza jina la kanisa lake, hata bibi yake kijijini atajua.

Ndiyo maana mwanahabari wa eneo hili hulazimika kujua kinyume cha yale aliyofunzwa chuoni. Alifunzwa kuongeza maelezo. Hapa hana budi kuyapunguza. Anapaswa kuuliza ruhusa mara mbili, kabla ya mahojiano na kabla ya kuchapisha, kwa sababu mtu aliyekubali Jumatatu akiwa na furaha huenda Ijumaa akakumbuka kwamba kakake mkubwa husoma magazeti.

Sheria inamkumbusha wajibu huo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka mwelekeo wa kimapenzi wa mtu miongoni mwa taarifa nyeti zinazohitaji uangalifu wa pekee. Sheria hiyo inampa mwanahabari nafasi ya kufanya kazi yake kwa maslahi ya umma, lakini haimruhusu kuanika faragha ya jirani kwa ajili ya kuuza nakala.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika jambo hili methali hiyo ni hatari. Mnamo Februari 2010 uvumi ulienea huko Mtwapa, Pwani, kwamba wanaume wawili walikuwa wakipanga kufunga ndoa. Umati ulivamia kituo cha afya kilichokuwa kikitoa huduma za ukimwi, na watu wakapigwa. Lililosemwa halikuwapo, lakini vipigo vilikuwa vya kweli.

Ng'ambo ya mpaka hali ilikuwa mbaya zaidi. Oktoba 2010 gazeti moja dogo la Kampala, lililojiita Rolling Stone, lilichapisha majina na picha za watu liliodai kuwa mashoga na kuchochea wanyongwe. Mwanaharakati David Kato na wenzake wawili walilishtaki na kushinda Januari 2011. Wiki chache baadaye, tarehe 26 ya mwezi huo huo, Kato aliuawa nyumbani kwake. Mtu mmoja alihukumiwa kwa mauaji hayo, na polisi walidai chanzo kilikuwa wizi. Vyovyote iwavyo, hakuna mhariri anayeweza kudai hajui jina kwenye karatasi linaweza kuzaa nini.

Kwa hivyo mwanahabari wa kujitegemea anatembea kwenye uzi mwembamba. Akinyamaza, uvumi ndio unaoandika historia. Akisema kupita kiasi, anamhatarisha aliyemwamini.

Njia ya kuelekea Kakuma

Lipo jambo jingine linaloipa miji hii miwili nafasi ya pekee, nalo ni barabara. Anayesafiri kwa gari kutoka mpaka wa Malaba kwenda kambi ya wakimbizi ya Kakuma hupita Bungoma, akakunja kona Webuye, akapitia Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale, kisha akashika njia ya Kapenguria na Lodwar.

Rais wa Uganda alitia saini sheria kali dhidi ya mapenzi ya jinsia moja mnamo Februari 2014. Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliifuta Agosti mwaka huo, lakini tayari Waganda wengi walikuwa wamekimbilia Kenya, na baadhi yao wakapelekwa Kakuma. Mnamo 2023 Uganda ilitunga sheria nyingine, ambayo katika baadhi ya makosa inatoa adhabu ya kifo, na inayomtishia kifungo cha hadi miaka 20 anayepatikana na hatia ya kuendeleza mapenzi ya jinsia moja.

Kakuma hakukuwa salama kwa kila aliyefika. Aprili 2021 mkimbizi mmoja Mganda wa jamii hii alifariki kutokana na majeraha ya moto, baada ya shambulio la petroli kambini mwezi uliotangulia.

Simulizi za kambini zimeandikwa na mashirika na wanahabari wa kimataifa. Ambacho hakijaandikwa vya kutosha ni upande wa njiani. Wageni wanapopita, wapo wenye nyumba za kulala wageni, madereva, wauza chai na maafisa wa polisi wanaokutana nao. Historia ya mji wa barabarani ni historia ya wapitao pia, na mwanahabari anayeishi mjini humo ndiye mwenye nafasi nzuri ya kuikusanya.

Historia haina upande mmoja

Wapo watakaouliza: je, haya yana uhusiano gani na historia yetu? Si mambo ya kuletwa? Swali hilo linastahili jibu la heshima, kwa sababu huulizwa na watu wengi waungwana.

Jibu la kwanza limo katika vitabu vya sheria. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo huadhibu vitendo hivyo kwa vifungo vya hadi miaka 14 na mitano mtawalia, viliingia nchini pamoja na utawala wa Waingereza, kama ilivyoingia reli. Anayesema desturi imetoka ng'ambo hana budi kukumbuka kwamba hata sheria inayoiadhibu ilisafiri kwa meli.

Jibu la pili limo katika mila za majirani. Miongoni mwa Wanandi, mwanamke asiye na mrithi wa kiume aliweza kumwoa mwanamke mwingine kwa kulipa mahari, na watoto wakawa wa nyumba yake. Mnamo 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa, katika uamuzi wa Jaji J.B. Ojwang kuhusu mzozo wa urithi, iliitambua ndoa ya aina hiyo. Wazee husisitiza kwamba ndoa hiyo ilihusu ukoo na mali, na haikuhusu mapenzi ya kimwili, nao wasikilizwe. Hata hivyo, mila hiyo inaonyesha kwamba babu zetu waliwazia familia kwa upana kuliko tunavyosimuliwa.

Jibu la tatu ni Elijah Masinde mwenyewe. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, na mnamo 1948 ikaharamisha dini yake. Mtu aliyetegemea faili za polisi wa wakati huo angesoma kuhusu mwendawazimu na mchochezi. Ilibidi wanahistoria wakae na wazee wa Bungoma, wasikilize, ndipo Masinde akajulikana kama kiongozi aliyepigania ardhi na imani ya watu wake.

Silinganishi imani ya Masinde na jinsia ya mtu yeyote. Ninalinganisha chanzo cha habari. Faili ya polisi haijawahi kuwa historia kamili ya Mbukusu, na haiwezi kuwa historia kamili ya shoga wa Bungoma au msagaji wa Kitale.

Hata maneno yenyewe yana historia. Pwani, neno shoga lilikuwa, na kwa wengi bado ni, jina la mwanamke kumwita rafikiye wa karibu wa kike. Leo bara neno hilo hutumiwa kama tusi. Mwandishi makini humuuliza anayemhoji angependa kuitwaje, kisha huandika hivyo.

Ukamilifu huo unazihusu pande zote. Makanisa yana mizizi mirefu hapa: Wakatoliki, Waanglikana, na Waquaker ambao shule zao za Kamusinga na Lugulu zimewalea viongozi wengi. Mchungaji anayepinga jambo hili kwa dhamiri yake, mzazi aliyemfukuza mwanawe akajuta, na mzazi asiyejuta, wote ni sehemu ya simulizi. Mwanahabari anayeandika upande mmoja tu atakuwa ametunga kijitabu cha kampeni.

Mahakama zinavyosema

Mazingira ya kisheria yamejaa ukinzani. Mnamo Mei 24, 2019, majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kufuta vifungu vya 162 na 165. Lakini Februari 24, 2023, Mahakama ya Juu, kwa wingi wa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba kuwanyima watu hawa nafasi ya kusajili shirika lao kulikuwa ubaguzi unaokiuka Katiba.

Uamuzi huo ulizua ghadhabu, na mwaka huo huo Mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, akatayarisha Mswada wa Ulinzi wa Familia, ambao miongoni mwa mengine ulipendekeza kuharamisha uenezaji wa mapenzi ya jinsia moja. Ni rahisi kuona jinsi kipengele cha namna hiyo kinavyoweza kumnasa mwandishi. Kuandika kwamba mtu yupo ni kueneza? Kurekodi simulizi ya mzee ni kuchochea? Pasipo tafsiri iliyo wazi, anayeamua ni afisa wa kituo.

Kwa upande mwingine, Agosti 2025 Mahakama Kuu mjini Eldoret ilimpa fidia ya Sh1 milioni mtu anayejitambulisha kuwa mwanamke, baada ya kupata kwamba alidhalilishwa alipokamatwa mwaka wa 2019. Mahakama hiyo pia iliitaka serikali kushughulikia pengo la sheria kuhusu watu waliobadili jinsia. Sensa ya 2019 nayo ilikuwa imewahesabu kwa mara ya kwanza watu wenye jinsia mbili, wakapatikana 1,524 kote nchini. Serikali ilipouliza, watu walijibu.

Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza katika kifungu cha 33 na uhuru wa vyombo vya habari katika kifungu cha 34. Vifungu vya Kanuni ya Adhabu huadhibu vitendo. Havimkatazi mwanahabari kumhoji mtu na kuandika maisha yake.

Hatua zinazowezekana

Yapo mambo ambayo yanaweza kufanywa bila kusubiri Bunge wala mahakama. Wahariri wa vyombo vikuu wanaweza kumlipa mwandishi wa kujitegemea kwa muda alioutumia, badala ya idadi ya maneno, na kusimama naye anapotishwa. Mwanahabari wa Nairobi ana mawakili na vyama karibu. Yule wa Bungoma ana simu yake tu.

Vyuo vikuu vya eneo, kama vile Kibabii kilichoko Bungoma, vinaweza kupokea rekodi za mahojiano na kuzifungia kwa miaka 30 au 50 kulingana na matakwa ya aliyehojiwa. Hivyo, mtu atasema ukweli leo bila kuhofia kesho, na watafiti wa baadaye hawatalazimika kubahatisha kwa kutumia faili za polisi.

Nao wanaofanya kazi hii wakumbuke kwamba dhamana yao ya kwanza ni kwa aliyewafungulia mlango. Simulizi inayoweza kungoja ingoje. Yule ambaye jina lake likitajwa atapoteza kazi au uhai, asitajwe, hata kama kwa kufanya hivyo makala yatapungua utamu.

Stoneham alitumia maisha yake kukusanya vipepeo wa Trans Nzoia, akiandika kila mmoja alipatikana wapi na lini, na kwa sababu hiyo tunajua leo ni vipepeo gani waliruka katika mashamba hayo. Watoto wa Kitale na Bungoma watakaozaliwa baada yetu watauliza ni watu gani waliishi hapa. Tukiwaachia kumbukumbu za mahakama na sajili ya mochari pekee, watadhani kwamba wenzetu hawa walikuja mjini kushtakiwa na kufa.